Siku Kwaya Ilipotuhamisha Gatina

Mungu aliyewaleta wazee wetu mjini wakiwa na kamba na debe tu, akawatunza humo, ashukuriwe kwanza. Sina neno jema la kulitanguliza kabla ya hilo. Ameniamsha leo, amenipa chai na meno ya kutafunia mkate, na amenibakizia kumbukumbu ambayo bado haijaanza kuvuja. Basi rafiki yangu, kaa hapa karibu nikueleze, maana kitu alichokutunzia Mungu ukikificha sana huoza.

Majuzi nilikwenda Soko la Toi kutafuta pazia. Kijana wa kibanda cha mapazia ya mitumba alikuwa na spika ndogo iliyokuwa ikipiga nyimbo za siku hizi, zile ambazo mimi huzipita tu kama ninavyopita moshi wa nyama choma siku ya kufunga. Kisha simu yake, sijui kwa bahati gani, ikarukia wimbo wa zamani. Gitaa liliingia peke yake kwanza, jembamba, likikimbia kama mtoto anayeshuka mteremko akiwa amesahau kusimama, na besi ikalifuata nyuma. Nikaganda na pazia mkononi. Niliganda mpaka kijana akadhani nimeona tundu kwenye kitambaa.

"Mathe, hiyo iko fiti, haina noma," akaniambia.

Nikamweleza kwamba sina neno na pazia, ni wimbo ndio unaonishika, na tafadhali asiutoe.

"Hii? Hii ni ya wazee, imejileta tu." Akacheka, lakini akaongeza sauti. "Kwani mathe, mlikuwa mnakatika na hizi?"

Nikamwambia mimi nilikuwa mtoto wa kanisa, sikukatika hata siku moja, ila mabega yalikuwa na mambo yao. Alicheka sana, akanikunjia pazia vizuri kama mtu anayemhudumia mama yake. Nami nikatembea kurudi nyumbani Kibera nikiwa simo Kibera. Nilikuwa Gatina, Kawangware, katika miaka ya themanini, kwenye ploti yetu ya mabati, na ilikuwa alfajiri.

Ukienda Gatina leo utakuta majumba ya ghorofa yamesimama bega kwa bega na nguo zimeanikwa hadi juu. Wakati ule ploti yetu ilikuwa safu mbili za vyumba vilivyotazamana, ua katikati, na mfereji wa maji machafu tuliouruka tukienda na kurudi bila kuutazama. Bwana alikuwa amewachukua wazazi wangu mapema, nami nililelewa na nyanya yangu, mama wa mama, ambaye kwa Kikamba chetu nilimwita Susu. Alikuwa ametoka Kitui na kinu chake. Kililetwa Nairobi juu ya basi, kimefungwa kati ya mbuzi na magunia, na alikuwa akisema kwamba katika safari ile kinu ndicho pekee ambacho hakikutapika.

Kwa kinu hicho alitwanga mahindi ya muthokoi, mpaka maganda yote yatoke na punje zibaki nyeupe kama meno ya mtoto. Muthokoi ukipikwa na maharagwe kwa moto wa polepole, ukatiwa kitunguu na mafuta kidogo, harufu yake humtoa mtu kitandani hata kama ana homa. Nyanya alikuwa akiuza langoni mwa ploti, kwa watu wanaokwenda vibaruani. Kazi yangu ilikuwa kupepeta makapi, kuchota maji, na kukoleza jiko. Ndiyo maana hadi leo nikisikia kitu kinagonga kwa mwendo wa taratibu, hata kama ni fundi anapiga misumari, mikono yangu hutafuta ungo.

Ukuta wetu wa mabati tuligawana na jirani mpiga gitaa. Alikuwa mtu wa kutoka kandokando ya Ziwa Victoria, mrefu, mpole, mwenye mke na watoto wadogo waliofuatana kama ngazi. Mchana alikuwa akilehemu vyuma Indasitria, kule kwenye viwanda, na mwisho wa wiki alipiga gitaa katika baa moja karibu na stendi. Nyanya hakupenda muziki wa baa. Lakini jirani alikuwa na tabia ya kuamka pamoja na kinu. Nyanya akianza kutwanga, upande wa pili wa mabati ungesikia nyuzi zikitafuta mahali pa kuingia katikati ya mapigo, na zikipata, kinu na gitaa vilikwenda pamoja hadi jua litoke. Jirani alikuwa akisema mazoezi yake yote aliyafanya bure kwa bendi ya Kitui.

Asubuhi moja alimlalamikia dirishani: "Mama wa Kitui, leo umetwanga mbio. Umeniharibia wimbo."

"Wimbo wako uliharibika siku ulipouingiza baa," nyanya akamjibu bila kuinua macho. Lakini mapigo yaliyofuata yalikuwa ya polepole zaidi. Mimi niliyasikia.

Redio nayo ilikuwa ya jirani huyo huyo, na kwa hivyo ilikuwa yetu sote. Aliiweka dirishani, uso wake ukitazama uani. Mawe ya redio, yaani betri zake, yakiisha nguvu yaliwekwa juani juu ya mabati, na sisi watoto tuliyalinda kama mayai. Jioni ilikuwa taarifa ya habari, na ua wote ulinyamaza, hata waliokuwa wakigombana waliahirisha. Halafu zikaja salamu, mtu wa Busia akimsalimu mtu wa Voi, na baada ya salamu nyimbo: za Wakongo, za watu wa ziwa, za vijana wa Machakos wenye magitaa yanayolia kama yanachekeshwa. Sisi tuliokuwa tumetoka sehemu mbalimbali tulijifunza lugha za wenzetu kwa njia hiyo. Ningeweza kuimba wimbo mzima wa Kijaluo bila kujua kama ni wa harusi au wa msiba.

Shuleni tulikunywa maziwa ya serikali, ya pakiti za pembe tatu. Ukimaliza, unaipuliza pakiti, unaiweka chini na kuikanyaga, na kishindo chake kilimfanya mwalimu wa zamu aruke. Na tuliimba. Nilikuwa kwenye kwaya ya shule, sauti ya kwanza, na siku za taifa tulifundishwa nyimbo za kuwasifu viongozi. Tuliziimba kwa nguvu zote tukiwa tumevaa soksi nyeupe zilizosafishwa kwa majivu. Mtu akiniuliza kama nilijua ninachokiimba, nitamwambia nilijua sauti ya kwanza, na niliijua vizuri. Chama kilikuwa kimoja, wimbo ulikuwa mmoja, na watu wazima walizungumza siasa kwa sauti ya chini huku wakitazama mlangoni.

Katikati ya mtaa wetu palikuwa na kiwanja cha bomba. Hapo ndipo maji yalipotoka, tulipochezea kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, kwaya ya kanisa ilipofanyia mazoezi Jumamosi, na jioni, chini ya banda la mabati lililokuwa pembeni, mwalimu aliwafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Masomo hayo yaliitwa ngumbaru. Nyanya yangu alijifunza kusoma hapo akiwa na mvi. Siku aliposoma zaburi yake ya kwanza peke yake, kidole kikifuata mstari, alifunga Biblia akalia, kisha akaniambia nichote maji, kana kwamba hakuna lililotokea. Tangu hapo mwalimu yule hakulipia muthokoi hata siku moja. Alikuwa akilazimisha kulipa, nyanya anamfukuza na mwiko.

Basi ukaja mwaka nilipokuwa darasa la nane, na ukaja uchaguzi. Wewe msomaji kijana huenda hujui tulivyopiga kura wakati huo. Hapakuwa na karatasi wala sanduku katika mchujo wa chama, na kwa kuwa chama kilikuwa kimoja, mchujo ndio ulikuwa uchaguzi wenyewe. Kila mgombea alikuwa na picha yake, picha inashikwa juu uwanjani, na wewe mpiga kura unakwenda kusimama nyuma ya picha ya mtu wako. Tuliuita mlolongo. Mgongo wako na uso wako ndiyo karatasi yako. Mwajiri wako anakuona, chifu anakuona, shemeji yako anakuona, na mwenye nyumba unayolala anakuona.

Waliogombea udiwani kwetu walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mwalimu wa ngumbaru. Wa pili alikuwa mwenye ploti yetu. Na jambo lililowagawa lilikuwa kile kiwanja cha bomba, maana mwenye ploti alikuwa amesema waziwazi kwamba akishinda atakizungushia ua ajenge maduka, na mwalimu alikuwa amesema kikiguswa watoto watachezea wapi.

Sitaki umchukie mwenye ploti. Alikuwa mtu kama watu. Nilipokuwa mdogo niliwahi kuugua kifua usiku, nikawa sipumui sawasawa, na yeye ndiye aliyewasha pikapu yake akatupeleka hospitali akiwa bado amevaa pajama. Nyanya hakuwahi kulisahau. Ndiyo sababu Jumapili ya kuamkia uchaguzi, alipokuja chumbani kwetu na sukari na leso mpya na kuketi kwenye kigoda, nilijua kwamba nyanya yuko mahali pagumu.

"Shosho," akamwambia, kama watu wa mjini wanavyowaita nyanya, "kesho nataka nikuone nyuma ya picha yangu. Ploti yote imekubali. Nikikukosa wewe, watu watasemaje?"

Nyanya alimimina chai kwanza. Akampa. Kisha akasema, "Siku mtoto huyu alipokuwa anakwenda, gari lako ndilo lililomrudisha. Huwa silali bila kukutaja kwa Mungu."

"Basi si tumeelewana?"

"Shukrani yangu ni yako yote, sijaipunguza. Lakini kura haikuwa ndani yake. Kesho naulizwa nani atawatunzia watoto kiwanja, na wewe mwenyewe umesema utakijenga."

Mwenye ploti akatazama kikombe chake. "Unajua hii nyumba ni yangu."

"Najua. Na mimi ni wa Mungu. Kunywa chai, inapoa."

Aliinywa. Alipotoka aliacha sukari na leso juu ya meza, na nyanya akanituma nimkimbilie nimrudishie, nimwambie ahsante, tuko nayo nyingine. Hatukuwa nayo nyingine. Jioni hiyo aliketi kuchagua maharagwe, na niliona mawe yanampita bila yeye kuyaona. Akaniuliza kama ninaogopa. Nikasema ndiyo.

"Mimi pia," akasema. "Tutakwenda hivyo hivyo tukiogopa."

Asubuhi alivaa nguo zake za chama cha akina mama kanisani, kitambaa cheupe kichwani kimekunjwa kama cha Pasaka, akanishika mkono. Uwanja wa shule ulikuwa umejaa, lakini watu walikuwa wamejibana kwenye ua wa michongoma, kila mtu akimsubiri mwenzake. Upande mmoja ilisimama picha ya mwenye ploti, kubwa, ya fremu na kioo, na yeye mwenyewe kando yake akisalimu watu kwa mkono. Upande wa pili, mke wa mwalimu alikuwa ameshika picha ndogo iliyobandikwa juu ya katoni, na nyuma yake hapakuwa na mtu.

Wapangaji wa ploti yetu walianza kutoka mmoja mmoja wakaingia nyuma ya fremu ya kioo. Jirani mpiga gitaa aliingia pia. Alikuwa mrefu, hakuweza kujificha, kwa hivyo aliinamisha kichwa akawa anatazama viatu vyake. Nyanya alimwona, akapumua. Kisha akaniachia mkono, akaniambia nisimame na watoto wenzangu, akaanza kutembea.

Angeweza kupita kandokando ya ua. Alipita katikati ya uwanja.

Kijana mmoja wa chama, mwenye rungu na beji, akamwita kwa sauti iliyosikika na wote. "Wee mama, umepotea. Laini yenu iko huku."

"Kijana," nyanya akamjibu bila kusimama, "sijapotea tangu nilipookoka."

Kicheko kilianzia kwenye michongoma, kikazunguka uwanja mzima, na hata kijana wa rungu akajikuta anacheka mwenyewe. Nami nimeamini maisha yangu yote kwamba Mungu hupitia hata kwenye kicheko, maana kile kilifungua kitu. Mzee mmoja muuza makaa, aliyekuwa akikaa benchi moja na nyanya kwenye ngumbaru, akatoka akaenda kusimama nyuma yake. Kisha mama wa mboga. Kisha mafundi viatu wawili, na akina mama wa kwaya, na watu wa ploti nyingine nisiowajua, wa Kitui na wa ziwani na wa Kakamega, wale wote waliochota maji pale bombani. Mlolongo ukarefuka ukafika golini, ukakunja kona, ukarudi. Wa fremu ya kioo uliishia katikati ya uwanja. Sisi watoto tuliona, na mtoto hana sababu ya kuona vibaya.

Msimamizi alipita akihesabu kwa kugusa watu mabega. Alikwenda akanong'onezana na wengine, akarudi, akamtangaza mwenye ploti kuwa mshindi.

Watu walibaki wamesimama kwenye mistari yao kama waliosahauliwa. Nyanya alitoka kwenye mstari, akanishika mkono, akasema maneno mawili tu, na waliokuwa karibu waliyabeba hadi nyumbani kwao: "Mungu amehesabu."

Notisi ilikuja wiki hiyo hiyo. Mwenye ploti aliileta mwenyewe, akasimama mlangoni, hakuingia. Alisema chumba kinatakiwa na mtu wake, tuwe tumetoka Jumamosi. Akasema pia, kwa sauti ya chini, kwamba alikuwa akimhesabu nyanya kuwa mtu wake. Nyanya akamwambia yeye bado ni mtu wake. Nadhani jibu hilo lilimuumiza kuliko tusi.

Mama mmoja wa kwaya alikuwa na dada yake Kibera, na huyo ndiye aliyetupatia chumba, upande wa karibu na mtaa wa Olympic. Nyanya alitaka tutafute mkokoteni. Akina mama wakasema mkokoteni ni wa magunia. Jumamosi asubuhi nilifungua mlango nikakuta kwaya nzima imesimama uani, wamevaa kanzu zao za buluu zenye kola nyeupe kama wanaokwenda kuimba mbele ya askofu. Mwalimu alikuwa pamoja nao, na shati la kazini. Aliingia akajitwika mbao za kitanda kichwani kabla hajasalimu. Godoro likabebwa na wawili, sufuria zikagawanywa, jiko lilichukuliwa na mwenye sauti ya nne, na aliyekuwa na ngoma akaifunga begani.

Kikabaki kinu. Na hapo mlango wa jirani ukafunguka.

Tangu siku ya mlolongo gitaa lake lilikuwa limenyamaza. Alikuwa akitoka kwenda kazini kabla nyanya hajaanza kutwanga, ili wasikutane. Sasa alisimama mbele yake na gitaa mkononi kama mtu aliyelikamata asijue la kufanya nalo.

"Mama wa Kitui," akasema, "mimi nilisimama kule."

"Nilikuona. Kila mtu alikuona. Si huo ndio mlolongo?"

Akina mama walicheka. Yeye hakucheka. "Nina watoto, Mama."

"Nawajua, mmoja amekunywa uji kwangu jana." Nyanya akakigusa kinu kwa mguu. "Hiki kizito, na hawa akina mama wamechoka. Au unataka tusimame hapa mpaka uchaguzi mwingine?"

Akanipa gitaa nilibebe. Akachuchumaa, akakikumbatia kinu, akakipandisha begani, na nilipomtazama usoni alikuwa amelowa machozi, akijifanya ni jasho.

Langoni tulimkuta mwenye ploti. Nadhani alitarajia kuona bibi kizee na mtoto na mkokoteni. Aliona kanzu za buluu zimejaa njia nzima. Akavua kofia. Nyanya akasimama mbele yake, akamwekea mkono begani, akamwombea palepale, kwa sauti, yeye na mke wake na gari lake. Kisha akasema "Amina," kwaya ikaitikia, ngoma ikalia, na tukaondoka Gatina.

Rafiki yangu, mimi nimeona maandamano mengi katika jiji hili, ya kisiasa na ya dini. Sijaona kama yale. Tulipita Kawangware sokoni, na wauzaji walisimama wakatupisha. Watoto walitufuata. Tulipofika Ngong Road jua lilikuwa limepanda, tukaweka mizigo chini kando ya barabara tupumzike. Kwaya ilikuwa ikiimba tenzi moja ya zamani ya kwenda mbinguni, taratibu, kama ilivyofundishwa na wamishonari. Jirani alikuwa ameketi juu ya kinu. Nikaona vidole vyake vinatembea juu ya goti.

Nyanya naye aliviona. Akamwuliza, "Hilo gitaa limebatizwa?"

"Bado, Mama."

"Basi libatizwe leo. Mpe, mtoto."

Nikampa. Kwanza ilikuwa fujo, maana ngoma ilikwenda kwa mwendo wa mazishi na gitaa lilitaka kukimbia. Wenye sauti ya pili wakapotea kabisa. Kisha mpiga ngoma akalikubali gitaa, akina mama wakaingia, na ile tenzi niliyoijua tangu utotoni ikaamka ikaanza kutembea kwa miguu yake. Mimi na sauti yangu ya kwanza tulipaa juu ya wote. Tukajitwika tena mizigo. Kinu kilichukuliwa na mafundi viatu waliokuwa wametufuata tangu sokoni, ili mpiga gitaa abaki na mikono yake. Watu wa magari walipiga honi. Mwanamume mmoja akachungulia dirishani akauliza bibi harusi yuko wapi, na mama wa sauti ya tatu akamwonyesha nyanya yangu, ambaye alikuwa ametangulia mbele na karai kichwani. Tulikata kuingia Kibera kupitia pale ambapo siku hizi Soko la Toi limetanda, na tulipofika kwenye chumba chetu kipya majirani wote walikuwa nje. Wakafikiri kumehamia askofu.

Kesho yake alfajiri nyanya alitwanga muthokoi. Nami nilitembea kila siku kutoka Kibera hadi Kawangware shuleni, mpaka nikamaliza mtihani wangu, na nikafaulu. Kutoka siku hiyo kwaya ya Gatina haikuimba tena bila gitaa, na makanisa ya jirani yakaiga, mengine baada ya kutusema sana. Leo vijana wanadhani gitaa lilikuwa kanisani tangu enzi za mitume.

Kile kiwanja kilijengwa, sitakuficha. Maduka yakaja, na baadaye maghorofa juu ya maduka, na maji siku hizi yanauzwa kwa mtungi. Mwalimu amelala kaburini kwao. Jirani alirudi ziwani na wanawe, na mmoja wao huniombea heri kwa simu kila Krismasi. Mlolongo wenyewe siutamani urudi, na ninamshukuru Mungu kwamba mtu hawezi tena kufukuzwa chumbani kwa sababu ya mahali aliposimama. Ninachokikumbuka ni watu. Siku hizi mtu akihama anaita pikapu, na jirani anajua umehama anapoona pazia jipya dirishani. Wakati ule tulikuwa maskini, tulikuwa waoga, tulikuwa na chama kimoja na redio moja, na bado tulikuwa na watu ambao wangevaa kanzu safi ili wakubebee sufuria. Nimezaliwa na kulelewa kati ya hao. Sijawahi kuona aibu kusema nilikotoka.

Nyanya aliishi mpaka akaona vyama vingi, na kura za karatasi, na chumba kidogo cha kupigia kura kilichofunikwa ili mtu asione. Tulikwenda pamoja, mimi nikiwa msichana mkubwa, kwenye shule moja hapa Kibera. Aliingia, akakaa kidogo, akatoka akatumbukiza karatasi yake sandukuni. Kisha akawageukia watu waliokuwa kwenye foleni akawaambia kwa sauti amempigia nani, kwa jina la mtu na la baba yake.

Karani akaruka kwenye kiti. "Nyanya, hapana, kura ni siri siku hizi. Hakuna mtu anayetakiwa kujua."

"Ni vizuri, mwanangu," nyanya akamwambia, akijifunga kitambaa chake. "Watunzie wanaohitaji. Mimi nilishazoea kuonekana."

Nawe uliyenisikiliza hadi hapa, Bwana akutie nguvu magotini siku utakapoulizwa usimame wapi. Akupe majirani wenye nyimbo, akusamehe siku ulizoinamisha kichwa, na akufikishe salama kwenye nyumba isiyo na mpangaji wala mwenye ploti. Amina.